Rangi ya Ndani: Uhakiki wa Fani ya Pipa la Chuma

Mwanafunzi wa fasihi nchini Tanzania hukutana mapema sana na mfano wa kikombe na chai. Fani ni kikombe, huambiwa, na maudhui ni chai iliyomo. Mfano huo umewavusha wengi kwenye mtihani, lakini naamini umewadhuru wengi vilevile, kwa sababu unamzoesha mtu kudhani kwamba chombo na kilichomo hukutana kwa bahati tu. Kwamba chai ikimwagwa, kikombe kinabaki kilekile, tayari kwa uji. Ushahidi wangu wa kuupinga ni pipa la chuma la lita 200, pipa la kawaida kabisa, la aina utakayoikuta uani kwa fundi wa kuchomelea au nyuma ya mashine ya kukamulia alizeti huko Ulemo, kata ya wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Pipa hilo lina kitu ambacho mfano wa kikombe umekisahau. Lina rangi ya ndani.

Rangi hiyo ni utando mwembamba kuliko unywele, uliopuliziwa juu ya bati na kuokwa kiwandani mpaka ukawa mgumu. Haukuwekwa kwa ajili ya macho, maana pipa likishafungwa hakuna anayeuona. Si sehemu ya chuma, na si sehemu ya kilichobebwa. Umekaa katikati ya hivyo viwili ili visigusane. Anayelichukua pipa kuukuu na kutaka kulipa kazi nyingine analazimika kuuliza swali ambalo mhakiki wa fasihi hulikwepa mara nyingi: hapa chombo kinaishia wapi na kilichomo kinaanzia wapi? Kisha anaamua kama utando ule aubakize au autoe. Uamuzi huo nauita uhakiki, na nitaujadili kama uhakiki, kwa sababu ukifanywa vibaya mtu anakula sumu.

Tuanze nje. Pipa hili lina kimo cha sentimita 88 hivi na kipenyo cha sentimita 58 hivi, yaani kimo ni mara moja na nusu ya upana. Ubavuni lina mikanda miwili iliyotuna kwenda nje, inayougawa mwili mapande matatu yanayokaribia kulingana. Ukiitazama haraka utadhani ni pambo. Pipa likilazwa, mikanda hiyo peke yake ndiyo inayogusa ardhi, na ndiyo inayomwezesha mtu mmoja kuviringisha mzigo wa kilo 200 ambao watu watatu wasingeubeba kwa raha. Mikanda hiyohiyo huupa ubavu uimara. Bati lina unene wa milimita moja hivi tu, na bila mikanda lingebonyea kwa kishindo cha kwanza. Jambo moja la kuzingatia, kwani litarudi baadaye: kinachotuna nje kimebonyea ndani. Kila mkanda kwa ndani ni mfereji.

Kwenye kifuniko kuna matundu mawili, kubwa la inchi 2 na dogo la robo tatu ya inchi, yaliyo karibu na ukingo na kuelekeana. Moja ni la kumiminia, la pili ni la kuingizia hewa ili mmiminiko usikwame. Mpango huu ni mzuri, lakini kifuniko chenyewe kimezama kidogo chini ya ukingo, na hapo naona kasoro kubwa ya fani hii. Mvua ikinyesha, maji hutuama juu yake. Katika nyanda za juu za Singida, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mchana ni joto na usiku ni baridi. Hewa iliyotanuka ndani ya pipa mchana husinyaa usiku, na pipa huvuta pumzi kupitia nyuzi za kizibo kilicholegea, likiyavuta na yale maji. Ndiyo maana wenye uzoefu hulilaza pipa lililojaa au huliinamisha kidogo. Wanaikosoa fani kwa mikono, nao wana haki.

Fani hii ina mtunzi na tarehe. Mnamo 26 Desemba 1905, Henry Wehrhahn, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Iron Clad huko Brooklyn, Marekani, alipewa hataza za pipa la chuma. Mwenye kiwanda alikuwa Elizabeth Cochrane Seaman, mwandishi wa habari aliyejulikana zaidi kwa jina la Nellie Bly, yule aliyeizunguka dunia kwa siku 72 kati ya 1889 na 1890. Kwetu pipa liliingia katika historia ya taifa baada ya Novemba 1965, pale walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na njia ya mafuta ya Zambia ikakatika. Mafuta yalisafirishwa katika mapipa kutoka Dar es Salaam, kwa ndege na kwa malori, kwenye barabara ya vumbi iliyopewa jina la njia ya jehanamu, hadi bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Bomba lilimaliza haja ya mapipa katika safari ile. Mapipa yenyewe hayakuondoka nchini. Kila mzigo ulioingia tangu hapo, wa oili, gundi, dawa za kiwandani au lami, ulituachia mengine.

Sasa lipindue pipa utazame kitako. Hapo kuna maandishi, yamegongwa kwenye chuma, hayafutiki kwa rangi wala kwa mvua. Huanza na alama ya Umoja wa Mataifa, kisha 1A1 au 1A2. Tarakimu ya kwanza inasema hiki ni pipa, A inasema ni la chuma, na tarakimu ya mwisho inaeleza kifuniko: 1 hakitoki, 2 kinatoka. Hufuata herufi X, Y au Z, inayoonyesha ukali wa vitu ambavyo pipa limepimwa kuvibeba, X ikiwa ya vile vya hatari zaidi. Kwa mapipa ya vimiminika hufuata uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji, shinikizo lililotumika katika majaribio, mwaka, nchi na alama ya mtengenezaji. Pipa likikarabatiwa na kiwanda kinachotambulika huongezewa jina la mkarabati, mwaka na herufi R. Napenda kwamba mfumo mzima wa dunia ulitenga herufi kwa ajili ya maisha ya pili ya chombo.

Lakini soma tena, polepole, utafute jambo moja ambalo maandishi hayo hayalisemi. Hayasemi pipa lilibeba nini. Hilo liliandikwa kwenye lebo ya karatasi iliyobandikwa ubavuni, na lebo ndiyo ya kwanza kuchanika, kulowa na kuungua. Uwezo wa chombo umechorwa kwenye chuma. Jina la kilichomo limeachwa kwenye karatasi. Mfano wa kikombe na chai umegeuzwa hapa kuwa kanuni ya biashara: chombo ni cha kudumu, kilichomo ni cha kupita. Pipa linapofika Ulemo baada ya kupita mikono mitano au sita, karatasi imekwisha zamani, na muuzaji wa mwisho, hata akiwa mkweli wa kweli, anajua tu alichoambiwa na muuzaji wa kabla yake.

Shahidi aliyebaki ni rangi ya ndani. Fungua kizibo kikubwa, subiri pipa lipumue, kisha mulika kwa tochi. Usimulike kwa kiberiti, hata kama unaambiwa pipa ni tupu, maana pipa tupu la petroli au kiyeyushi limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Ukiona chuma kitupu, cha kijivu, chenye ulaini wa mafuta, yaelekea pipa lilibeba oili ya injini au kitu cha jamii hiyo. Oili haigombani na chuma, hivyo mtengenezaji hakuona sababu ya kutumia fedha kwenye utando. Ukiona wekundu wa udongo uliochomwa, huo mara nyingi ni utando wa fenoli, mgumu mbele ya asidi lakini dhaifu mbele ya magadi makali. Ukiona rangi ya dhahabu iliyofifia au ya kijani cha zeituni, mara nyingi ni mchanganyiko wa epoksi na fenoli. Viwanda hutofautiana, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Kuwepo kwa rangi, hata hivyo, ni habari. Hakuna anayegharamia utando bila sababu. Pipa lenye rangi ndani lilitengenezwa kwa ajili ya kitu kilichokuwa kikila chuma, au kitu ambacho chuma kingekiharibu. Chakula kiko katika kundi hilo. Viuatilifu viko humo pia.

Utando nao si kioo. Ni mtandao wa kemikali uliobanana, na vimiminika vingine, hasa viyeyushi na dawa za mafuta, hupenya humo kidogo na kukaa. Unaweza kuliosha pipa kwa sabuni mpaka likanukia sabuni, na utando bado ukawa unashikilia kile ulichonyweshwa kwa miezi. Hapo ndipo kikombe na chai vinaposhindwa kabisa. Kilichomo hakikumwagika chote. Sehemu yake imekuwa chombo.

Wanaoukataa mfano wa kikombe huleta mfano mwingine darasani: fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Iramba ina haki ya kuujadili mfano huo kuliko mahali pengi. Dhahabu ya Sekenke, mgodi ulioanza kazi mwaka 1909 enzi za Wajerumani, ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengeneza sarafu ya rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, vita vikiwa vimewazingira Wajerumani na fedha zao zimekatika. Upande mmoja tembo, upande mwingine tai. Ni kitu kizuri kukitazama, na kama mfano unazidi ule wa kikombe, kwa kuwa pande zake haziwezi kutenganishwa. Ila tembo na tai hawafanyiani chochote. Hakuna anayemla mwenzake. Ndani ya pipa kuna kulana: asidi inakula chuma, chuma kinaharibu mafuta, utando unameza sumu. Nataka nadharia ya fani itakayokubali kwamba viwili hivi vinaumizana na kwamba uzuri wa chombo mara nyingi ni namna kilivyoupanga ugomvi huo.

Na kuhusu Sekenke, kuna jambo la kusema bila kuzunguka. Dhahabu ya siku hizi huchenjuliwa kwa sianidi katika maeneo mengi ya wachimbaji, na sianidi husafirishwa katika mapipa. Pipa lililobeba sianidi halina msomaji wa pili. Husuuzwa kwa utaratibu wa mgodi, hutobolewa, husagwa. Yeyote anayekuuzia la namna hiyo kwa ajili ya maji, bei iwe nafuu namna gani, anakuuzia kifo. Nayasema hayohayo kwa mapipa ya viuatilifu.

Yanayobaki yana kazi nyingi. Pipa hukatwa likawa tanuri la mikate, jiko kubwa la shughuli, banio la nyama, birika la kunyweshea ng'ombe, tangi la kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Husafirisha mafuta ya alizeti, husubiri asali. Kila kazi kati ya hizo ni usomaji tofauti wa rangi ya ndani, na hazikubaliani.

Kwa tanuri na banio la nyama jibu ni rahisi: itoke. Isipotolewa kwa makusudi itajitoa yenyewe, polepole, ndani ya mikate na juu ya nyama za watu. Njia ya uani ni moto, na nataka kuueleza moto huo kwa karibu kwa sababu ndiyo hatua iliyo na mengi ya kusoma. Kwanza kifuniko. Fundi mwangalifu hufungua vizibo vyote viwili, hulisuuza pipa, hulijaza maji mpaka karibu na mstari wa kukata, kisha hukata kwa tindo na nyundo kandokando ya ukingo kwa ndani. Kelele ni kubwa na kazi ni ndefu. Njia ya haraka ni gesi au mashine ya kukatia inayotoa cheche, na hiyo ndiyo inayoua mafundi. Maji yanachukua nafasi ambayo mvuke ungekaa, ndiyo maana hayarukwi.

Baadaye pipa humwagwa maji, huwekwa mahali pa wazi, watu wakisimama upande upepo unakotoka, watoto wakiwa mbali. Ndani huwekwa kuni, magunzi ya mahindi, maganda ya alizeti ambayo hayakosekani Singida baada ya mavuno. Mwanzoni rangi haifanyi kitu. Kisha mng'ao wake unapotea, dhahabu inageuka kahawia, kahawia inakolea. Vinatokea vipovu vidogo, vingi, vilivyobanana. Vinapasuka, na hapo moshi unabadilika: unakuwa mzito, wenye harufu kali inayofanana na ya dawa ya kusafishia sakafu za hospitali. Hiyo ni fenoli, nayo haifai kuvutwa kifuani. Mwishowe utando unajikunja magamba na kubanduka.

Palipobanduka, chuma kitupu kinaanza kuandika. Bati safi likipata joto la nyuzi 220 hivi hupata rangi ya majani makavu. Kwenye 280 huwa zambarau. Kwenye 300 huwa buluu. Baada ya hapo huwa kijivu. Tando za epoksi na fenoli huanza kuvunjika kwa dhati zaidi ya nyuzi 300. Kwa hiyo rangi hizo ni ufunguo. Palipo buluu na kijivu, moto umefika na kazi imefanyika. Palipo rangi ya majani makavu, moto ulipita bila kukaa, na jirani yake huenda kuna utando uliobadilika tu ukawa mweusi na kugandamana, ukifanana na masizi. Kosa la kawaida ni kuuchukulia weusi huo kuwa usafi. Unahitaji moto wa pili, kisha brashi ya waya. Na sehemu inayochelewa kuliko zote ni kona ya kitako, kwa sababu majivu yenyewe hurundikana pale na kuikinga. Moto hauwezi kusoma mahali yalipokaa majivu yake. Lazima mtu ayaondoe.

Kuna sehemu nyingine ambayo moto huisoma kupita kiasi. Ubavu wa pipa umeungwa kwa umeme, chuma kwa chuma, na joto la kuni haliudhuru muungo huo. Kitako hakikuungwa hivyo. Bati la kitako na bati la mwili yamekunjwa pamoja, pindo ndani ya pindo, na kati ya mikunjo hiyo kiwanda kiliweka ziba laini, ya jamii ya mpira, ili pasivuje. Ziba hiyo haionekani ukilitazama pipa kwa nje, haionekani ukilitazama kwa ndani. Imefichwa na fani yenyewe. Moto unaochoma rangi unaichoma nayo. Pipa likishapoa linaonekana zima, limenyooka, safi kuliko lilivyowahi kuwa. Jaza maji, usubiri: kitako kinazungukwa na mstari wa unyevu, kisha matone.

Nimelitafakari pindo hilo kuliko sehemu nyingine yoyote ya pipa. Njia inayoliondolea pipa kumbukumbu yake kwa ukamilifu zaidi ndiyo inayolinyima uwezo wa kubeba kimiminika. Kwa tanuri si hasara. Hakuna anayechota mikate kwa kata. Kwa maji ni hasara ya chombo kizima, mpaka pindo lichomelewe upya pande zote. Kwa hiyo anayesema "choma tu, halafu tumia unavyotaka" hajalisoma pipa mpaka mwisho. Ameishia ubavuni.

Njia nyingine nitazipitia haraka. Kuna ya kutia kokoto au vipande vya mnyororo na kuliviringisha pipa. Hukwangua kutu vizuri, lakini epoksi iliyookwa hushikilia, na ile mifereji miwili ya mikanda, niliyosema tuizingatie, huhifadhi rangi yote iliyomo kwa sababu mawe huiruka. Kuna ya magadi makali ya kiwandani, yaliyochemshwa, ambayo huila fenoli lakini pia huila ngozi na macho. Viwanda vya ukarabati huchoma mapipa ya kifuniko wazi ndani ya tanuru lenye sehemu ya kuuunguza moshi mara ya pili, kisha huyarushia punje za chuma kwa kasi mpaka bati linabaki jeupe, kisha hupaka utando mpya na kugonga ile R. Ulemo haina tanuru hilo, na sioni aibu yoyote katika hilo. Ila naona haja ya kusema wazi kwamba moto wa uani si kitu kilekile.

Kwa maji, ushauri wangu unapingana na kawaida. Kama una uhakika pipa lilibeba chakula, na utando wake ni mzima usio na michubuko wala mapovu, uache. Ndiyo sehemu ya thamani zaidi uliyoinunua. Nimesikia sifa nyingi za pipa "lililosafishwa mpaka chuma", na nazipinga: chuma kitupu na maji ya mvua hutoa kutu ndani ya siku chache, na msimu mmoja baadaye mama anayechota anapata maji mekundu. Kama huna uhakika lilibeba nini, moto hautakupa uhakika huo. Lifanye chombo cha kuchanganyia zege, au lifanye uzio. Wasomaji wazuri wanajua pia kuacha kusoma.

Wasanii wa dunia wameligusa pipa hili, na kuna tofauti ya kufundisha kati yao. Christo alipanga mapipa 7,506 yaliyopakwa rangi juu ya ziwa la Serpentine jijini London mwaka 2018, na kwa miaka mingi aliota rundo kubwa, mastaba, la mapipa 410,000 jangwani Abu Dhabi. Ni kazi kubwa kwa macho. Ila kila pipa lake limefungwa. Yeye ni msanii wa kitako na mikanda, na ndani hakuna swali. Watengenezaji wa pan, ala ya muziki ya pipa, huko Trinidad, tangu miaka ya 1940, wamekwenda kinyume. Hupiga kitako kwa nyundo mpaka kinazama, hukata ubavu, kisha hulipitisha pipa motoni kabla ya kulinganisha sauti. Moto wao unachoma rangi na papo hapo unakituliza chuma kilichochoshwa na nyundo. Wamepata maana katika hatua ambayo kwa wengine ni usafi tu. Ninawaweka juu ya Christo, bila kusita.

Nimalizie na asali, kwa sababu Singida ni nchi ya nyuki na kwa sababu hapa usomaji unafika mbali zaidi. Asali ina asidi. Kipimo chake cha pH huzunguka 3.9. Ikigusa chuma kitupu hukila taratibu, nayo hupata weusi na ladha ya msumari. Tena ni nzito: pipa lililobeba kilo 180 hivi za oili litabeba kilo 280 hivi za asali, kwa ujazo uleule, na uzito huo wote unalilemea lile pindo la kitako. Wanunuzi wa nje hutaka mapipa yenye utando wa daraja la chakula, na wana sababu. Lakini warina asali wa sehemu nyingi za dunia, walipokuwa na chuma tu, waliweka utando wao wenyewe: nta.

Pipa safi, kavu, lililopashwa moto kidogo tu, hutiwa nta iliyoyeyushwa. Kisha hulazwa na kuviringishwa huku na huku, kifuniko kimewekwa, mpaka nta inazunguka ubavu wote na kugandia. Tazama kinachotokea kwa fani. Mikanda iliyowekwa na Wehrhahn ili pipa lisafiri sasa ni chombo cha kupakia rangi. Mifereji ya ndani, ambayo mawe yaliikosa, ndiyo inayokunywa nta kwanza na kubaki na tabaka nene. Na utando wenyewe umetoka mahali asali ilipotoka. Nyuki aliiweka asali ndani ya nta kabla mtu hajafikiria pipa. Hapa chombo kimeazima ngozi yake kutoka kwa kilichomo, na ule ugomvi niliouzungumzia unapatanishwa na kitu ambacho pande zote mbili zinakijua.

Upatanisho huo una masharti yake. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, na huanza kulegea mapema zaidi. Bati jeusi lililosimama juani mwezi Oktoba, kabla ya mvua, linaweza kuukaribia ukali huo mchana, na nta ikilegea huteremka ubavuni na kuliacha pande la juu likiwa chuma kitupu mbele ya asali. Kwa hiyo mwenye pipa la nta hulihamishia chini ya paa, na kama lilipakwa rangi nyeusi kwa nje, hulipaka tena, nyeupe.